Sumu Isiyokufa kwa Moto: Maziwa Yetu, Mashudu Yetu na Vipimo vya Maabara



Mwezi huu tuzungumze juu ya maziwa. Kila mama anayefika kliniki ya watoto hapa Singida ameambiwa mara nyingi achemshe maziwa kabla ya kumpa mtoto. Ushauri huo ni mzuri na haujabadilika. Lakini baadhi ya akina mama huuliza: “Nikishachemsha, je, maziwa yangu yamekuwa salama kabisa?”

Jibu ni kwamba kuchemsha huua vijidudu, lakini iko sumu moja ambayo moto wa jikoni hauiwezi. Haionekani kwa macho, haina harufu wala ladha katika maziwa. Ni maabara tu inayoweza kuigundua. Siku hizi ziko maabara ambazo kazi ya kushika na kuchota sampuli za maziwa hufanywa na roboti, yaani mashine zenye mikono ya chuma zinazofuata maagizo ya kompyuta. Ni vizuri tuelewe jinsi zinavyofanya kazi, na pia tuelewe kwamba mashine hizo zinategemea sana uaminifu wa mtu aliyejaza chupa nyumbani.

VIJIDUDU NA SUMU SI KITU KIMOJA

Vijidudu ni viumbe hai. Mwaka 1887, katika kisiwa cha Malta, daktari Mwingereza aitwaye David Bruce alitambua kijidudu kilichokuwa kikiwaua askari kwa homa ya muda mrefu. Watu hawakujua kilitoka wapi. Mwaka 1905 Mmalta mmoja, Themistocles Zammit, alipima mbuzi wa kisiwa hicho, akakuta kijidudu kile kile, na ikajulikana kwamba watu walikuwa wakikinywa katika maziwa mabichi. Huo ndio ugonjwa tunaouita brusela, ambao kwa ng'ombe huonekana kwa kutupa mimba, na kwa binadamu huleta homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku na maumivu ya viungo. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita katika maziwa mabichi.

Vijidudu hivyo vyote hufa maziwa yakichemka. Viwandani hutumia joto la nyuzi 72 kwa sekunde 15, au nyuzi 63 kwa nusu saa. Sisi nyumbani hatuna kipimajoto, basi tunachemsha mpaka maziwa yapande na kutokota.

Sumu si kiumbe hai, kwa hiyo huwezi kuiua. Ukichemsha chumvi haiachi kuwa chumvi. Ndivyo ilivyo kwa sumu tutakayoizungumzia, inayoitwa sumukuvu.

SUMUKUVU NI NINI?

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za kuvu, yaani ule ukungu unaoota juu ya mahindi, karanga, mbegu za alizeti, mbegu za pamba na mashudu, hasa vikihifadhiwa bila kukauka vizuri. Wataalamu huiita aflatoksini.

Ilijulikana mwaka 1960 huko Uingereza, wakati bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa katika muda mfupi. Uchunguzi ulionyesha kwamba walilishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Wataalamu waligundua pia kwamba sumu hiyo hung'aa ikimulikwa kwa mwanga maalumu usioonekana kwa macho. Aina moja hung'aa rangi ya bluu, nyingine rangi ya kijani. Mtakavyoona baadaye, mng'ao huo ndio unaoisaidia maabara mpaka leo.

Ikiingia mwilini kwa wingi, sumukuvu huharibu ini ghafla. Mgonjwa hutapika, huumwa tumbo, macho huwa ya manjano, tumbo na miguu huvimba. Mwaka 2004 jirani zetu wa Kenya, katika sehemu za Makueni na Kitui, walipatwa na janga hilo kutokana na mahindi: watu 317 waliugua na 125 wakafa. Mwaka 2016 lilifika kwetu, katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Watu 68 waliugua na 20 kati yao wakafa.

Ikiingia kidogo kidogo kwa miaka mingi, haimwangushi mtu kitandani siku hiyo hiyo, lakini huongeza hatari ya saratani ya ini. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

INAFIKAJE KATIKA MAZIWA?

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea bila kujua. Mahindi yakiota kuvu, mama huyatazama na kusema, “Haya hayafai kwa watu, wapeni ng'ombe.” Mashudu yakinyeshewa na mvua yakaganda mabonge, mfugaji huyavunjavunja na kuyachanganya na pumba. Tunadhani tumeyaondoa mezani.

Kumbe hayajaondoka. Ng'ombe akila sumukuvu, ini lake huibadilisha kidogo, na sehemu yake hutoka katika maziwa. Sumu hiyo iliyobadilishwa wataalamu huiita aina ya M, herufi ya kwanza ya neno maziwa kwa Kiingereza, na kwa bahati hata kwa Kiswahili. Huanza kuonekana katika maziwa ndani ya siku moja tangu ng'ombe ale chakula kibaya. Si yote inayopita. Kwa kawaida ni kiasi cha asilimia 1 hadi 3 ya aliyokula, na kwa ng'ombe wanaotoa maziwa mengi inaweza kufika asilimia 6. Lakini anayekunywa maziwa hayo kila siku ni mtoto mwenye mwili mdogo na ini changa.

Habari njema ni kwamba ng'ombe akipewa chakula safi, maziwa yake husafika yenyewe baada ya siku tatu au nne hivi. Kwa hiyo jambo hili linaweza kurekebishwa.

LILILOONEKANA HAPA SINGIDA

Mkoa wetu unajulikana kwa alizeti. Mashine za kukamua mafuta ziko nyingi, na mashudu ni chakula kizuri cha ng'ombe wa maziwa. Kwa sababu hiyo watafiti walikuja hapa kupima maziwa ya ng'ombe wanaofugwa majumbani pamoja na mashudu ya alizeti yanayouzwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2016.

Walipima sampuli 37 za maziwa, na 31 kati yake zilikuwa na sumukuvu. Nyingi zilikuwa na kiasi kidogo, lakini sampuli 5 zilipita kiwango cha juu kinachokubaliwa kimataifa, ambacho ni nusu ya mikrogramu katika kilo moja ya maziwa. Ile iliyokuwa mbaya kupita zote ilifika karibu mara nne ya kiwango hicho. Kwa upande wa mashudu walipima sampuli 20. Katika hizo, 13 zilikuwa na sumu, na 8 zilipita kiwango kinachofaa kwa chakula cha ng'ombe wa maziwa.

Tusisome habari hii kwa hofu. Sampuli 37 ni chache, haziwezi kusema juu ya kila zizi la Singida, wala juu ya mwaka huu. Lakini zinatosha kutuambia kwamba jambo hili si la Ulaya wala la mbali. Liko katika mashudu tunayonunua na katika kikombe cha mtoto.

KWA NINI MAABARA NI LAZIMA

Mikrogramu ni kitu kidogo mno. Chukua gramu moja tu ya sumu, kama chumvi inayokaa kwenye ncha ya kijiko. Ukiigawa sawasawa katika malori 200, kila lori likiwa limebeba tani 10 za maziwa, utapata ile nusu ya mikrogramu katika kila kilo. Hakuna ulimi wala pua ya kutambua kitu kama hicho.

Hata vipimo vya kawaida vya kupokelea maziwa havitambui. Laktomita huonyesha kama maziwa yametiwa maji; maziwa halisi huwa kati ya 1.026 na 1.032. Kipimo cha spiriti huonyesha kama yameanza kuchacha, kwa maana hugandana yakichanganywa nayo. Vyote viwili ni vipimo vizuri na mnunuzi asiviache, lakini maziwa yenye sumukuvu huvipita bila shida.

ROBOTI KATIKA MAABARA YA MAZIWA

Kupima maziwa ya kila mfugaji si jambo jipya. Mwaka 1895 wafugaji wa Vejen, huko Denmark, waliunda chama cha kupima maziwa ya ng'ombe wao. Mpimaji alipita nyumba kwa nyumba, akapima mafuta kwa mkono. Kadiri wafugaji walivyoongezeka, chupa zikawa maelfu kwa siku, na mkono wa mtu ukashindwa. Mtu akichota kwa mrija mara elfu moja, huchoka, hukosea kipimo, huchanganya majina, na viungo vya mkono humuuma. Ndipo zikaja mashine. Kampuni moja inayojulikana kwa mashine hizo ni Foss ya huko huko Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1956. Mashine zake kubwa huweza kupima hadi sampuli 600 kwa saa.

Roboti hiyo si sanamu ya mtu mwenye kichwa na miguu. Ni meza ndefu yenye mkanda unaotembea na mikono ya chuma. Kazi yake huenda hivi:

Kwanza, husoma jina. Kila chupa ina alama ya mistari kama ile iliyo kwenye bidhaa za dukani. Mashine husoma alama hiyo kwa mwanga, na majibu huandikwa moja kwa moja katika kompyuta. Hakuna anayenakili majina kwa kalamu.

Pili, hupasha joto na kuchanganya. Sampuli hutunzwa katika ubaridi wa nyuzi kama 4, na maziwa yakitulia krimu huelea juu. Ukichota juu utapata mafuta mengi, ukichota chini utapata kidogo, na majibu yote mawili ni ya uongo. Kwa hiyo sampuli hupashwa hadi nyuzi 40 hivi ili mafuta yalainike, kisha chupa hupinduliwa juu chini mara kadhaa, kila moja sawa na mwenzake.

Tatu, huchota. Mrija mwembamba hushuka ndani ya chupa na kunyonya kiasi kile kile kila mara, iwe saa mbili asubuhi au saa nane usiku.

Nne, hupima. Mwanga usioonekana hupitishwa katika maziwa, na kutokana na mwanga uliomezwa mashine hujua mafuta, protini na sukari ya maziwa. Sehemu nyingine hutia rangi inayong'aa na kuhesabu chembe zinazoongezeka ng'ombe akiwa na ugonjwa wa kiwele.

Tano, hujisafisha. Mrija huoshwa ili maziwa ya ng'ombe mmoja yasiingie katika majibu ya mwingine. Tena, kila baada ya muda mashine hupewa sampuli ambayo majibu yake yanajulikana tayari, kuona kama bado inasema kweli.

Lakini mashine hiyo ya haraka haipimi sumukuvu. Sumu ni ndogo mno kwa ule mwanga. Kwa sumukuvu ipo njia nyingine. Maziwa hupitishwa katika kichujio kidogo chenye kingamwili zinazoikamata sumu hiyo peke yake, kama ndoana inayovua samaki wa aina moja. Sumu iliyokamatwa huoshwa na kutiwa katika kichupa kidogo kama cha dawa ya sindano. Vichupa hupangwa katika sinia, na mkono wa mashine huchukua kimoja kimoja, hata usiku kucha, na kukiingiza katika bomba jembamba. Mwishoni kuna ule mwanga maalumu. Sumu hung'aa kama ilivyong'aa zamani zile, na mashine hupima ukubwa wa mng'ao. Kwa njia kama hiyo ndivyo sampuli za Singida zilivyopimwa. Ipo pia njia ya sahani za plastiki zenye visima vidogo 96, ambavyo roboti huvijaza matone kwa pamoja.

Mashine hizi ni za gharama, na zile kubwa hufaa pale penye maelfu ya sampuli kila siku. Hospitali au kikundi kidogo cha wafugaji hakizihitaji. Kinachohitajika kwetu ni kuipeleka sampuli nzuri pale penye maabara.

ROBOTI HAIONI KILICHOTOKEA ZIZINI

Sisi wauguzi tunalijua jambo hili kutokana na makohozi ya kupimia kifua kikuu. Mgonjwa akitoa mate badala ya makohozi, mashine itasema hana ugonjwa, naye atarudi nyumbani kuambukiza watoto wake. Mashine haikukosea. Ilipima mate.

Kwa maziwa ni hivyo hivyo. Mfugaji akichukua maziwa ya ng'ombe mmoja anayekula majani tu, akaacha wale wanaokula mashudu, majibu yatakuwa mazuri na hayatamsaidia mtu yeyote. Akitia maji, sumu itaonekana kidogo kuliko ilivyo. Akiacha chupa juani siku nzima, maziwa yatachacha na maabara itayatupa. Akibadilisha vifuniko, majibu ya jirani yatakuwa yake.

Basi ikiwa afisa mifugo au mtafiti atakuja kwako kuchukua sampuli, msaidie hivi:

1. Maziwa yote ya mkamuo yawe katika chombo kimoja kisafi, na yakorogwe vizuri kabla ya kuchota.

2. Chupa iwe safi na kavu, na ifungwe mara moja.

3. Jina, tarehe na ng'ombe viandikwe hapo hapo, juu ya chupa yenyewe. Maandishi juu ya kifuniko hayatoshi, kwa maana vifuniko hubadilishana.

4. Chupa iwekwe kwenye barafu au mahali pa baridi, na isafirishwe siku hiyo hiyo.

5. Sema kweli juu ya chakula alichokula ng'ombe kwa siku tatu zilizopita, na dawa aliyochomwa.

Kwa mashudu na mahindi kazi ni ngumu zaidi. Maziwa hukorogeka, lakini kuvu huota kwa mafungu. Gunia moja linaweza kuwa safi pande zote na kuwa na sumu katika kona moja iliyoloa. Ukichota konzi moja juu ya gunia unaweza kuikosa kabisa. Kwa hiyo sampuli ya mashudu huchotwa kidogo kidogo juu, katikati, chini na pembeni, katika magunia mengi, kisha yote huchanganywa pamoja na kuchotwa tena.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Hatuwezi kupima kila kikombe. Lakini kazi kubwa ya kuzuia sumukuvu haihitaji maabara, inahitaji macho na bidii.

Nunua mashudu mapya na makavu. Yatazame na uyanuse. Yenye mabonge, yenye joto ndani ya gunia, yenye unga wa kijani, mweusi au wa manjano, au yenye harufu ya uvundo, usinunue hata kama bei ni nafuu. Lakini kumbuka kwamba hata yanayoonekana mazuri yanaweza kuwa na sumu, kwa hiyo uhifadhi ni muhimu vile vile.

Hifadhi juu ya chaga. Gunia lisikae sakafuni wala kuegemea ukuta, kwa kuwa unyevu hupanda. Ghala liwe na hewa na paa lisilovuja. Usinunue mashudu ya miezi mingi kwa mara moja, hasa msimu wa mvua.

Usimpe ng'ombe chakula chenye kuvu. Wala usikipeleke kwa kuku, wala usikitwange kuwa kimea cha pombe. Kichome au ukifukie mbali na nyumba. Najua kutupa chakula kunauma, hasa mwaka wa njaa. Lakini debe lile la mahindi mabovu litarudi kwako katika maziwa.

Angalia pia unga wa mtoto. Sumukuvu nyingi huingia mwilini moja kwa moja kwa mahindi na karanga kuliko kwa maziwa. Kausha mahindi vizuri juu ya turubai, si juu ya udongo. Chambua punje zilizooza, zilizovunjika na zilizobadilika rangi kabla ya kusaga. Karanga zilizokunjamana au zenye ukungu usizitie katika uji wa lishe. Changanya pia vyakula: uwele, mtama, viazi vitamu na maharage, ili mtoto asitegemee mahindi peke yake kila siku.

Mpeleke mtoto chanjo. Kinga ya homa ya ini aina ya B imo ndani ya ile chanjo ya pamoja anayopewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Ini lililokingwa na virusi hivyo liko katika hatari ndogo zaidi.

Endelea kuchemsha maziwa. Mtu asije akasema, “Kama moto hauui sumukuvu, ya nini kuchemsha?” Brusela na kifua kikuu bado vipo.

MASWALI YANAYOULIZWA

Je, niache kumpa mtoto wangu maziwa ya ng'ombe?

Hapana. Maziwa humjenga mtoto mifupa na mwili, na utapiamlo unaua watoto wengi. Usibadilishe hatari ndogo kwa hatari kubwa. Badilisha chakula cha ng'ombe. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye maziwa ya mama tu.

Je, sumukuvu hupita katika maziwa ya mama pia?

Ndiyo, mama akila mahindi au karanga zenye kuvu, sehemu kidogo hupita. Hata hivyo maziwa ya mama hayana mbadala, wala mama asiache kunyonyesha kwa sababu hiyo. Ni wajibu wa familia nzima kuhakikisha mama mjamzito na anayenyonyesha anapata chakula kisafi. Baba asiyachambue mahindi mazuri ya kuuza akayaacha mabaya ya kula nyumbani.

Je, mtindi na jibini ni salama zaidi?

Kugandisha maziwa hakuondoi sumukuvu. Katika jibini sumu huzidi kukusanyika, kwa sababu hushikamana na protini. Ikiwa maziwa yalikuwa safi, mtindi ni chakula kizuri sana.

Na maziwa ya pakiti?

Joto la kiwanda limeua vijidudu, lakini nalo haliondoi sumu. Usalama wake unategemea kiwanda kupima maziwa kinayopokea. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango, TBS. Nunua maziwa yenye alama yake.

Je, iko dawa ya kuitoa sumukuvu mwilini?

Hakuna dawa maalumu. Mtu akiwa na macho ya manjano, kutapika na kuvimba tumbo, hasa ikiwa watu kadhaa wa nyumba moja wanaugua pamoja, awahishwe hospitali. Chukueni pia kiasi cha unga mliokula, mkiufunga vizuri. Unga huo ni sampuli, na unaweza kuwaokoa majirani.

TUSAIDIANE

Mfugaji mmoja mwenye ng'ombe wawili hawezi kulipia kipimo cha maabara. Lakini kikundi kinaweza. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo wapo wafugaji, wapo wakamuaji wa alizeti, wapo wauza maziwa, na wote wana watoto. Kaeni pamoja na afisa mifugo wa kata, mwulize namna ya kupeleka sampuli ya mashudu yanayonunuliwa na wengi. Kupima mashudu ya mashine moja huwakinga ng'ombe wa mtaa mzima.

Wenye mashine za kukamua nao wana sehemu yao. Mbegu zikinunuliwa mbichi na kurundikwa, kuvu huanza kabla hata ya kukamuliwa. Kumwuzia mwenzako mashudu yaliyooza huku ukijua, kwa sababu tu atakayeyala ni ng'ombe, ni dhuluma. Kumtilia maji maziwa mtoto wa mwenzako ni dhuluma vile vile. Dhambi hizi hazionekani kwa macho, kama sumu yenyewe.

Wataalamu wametengeneza mikono ya chuma isiyochoka wala kutetemeka, na tumshukuru Mungu kwa akili aliyowajalia. Lakini mkono unaopepeta mahindi, unaopanga magunia juu ya chaga, unaoandika jina la kweli juu ya chupa, bado ni wako na wangu. Kesho asubuhi, kabla ya kukamua, fungua gunia la mashudu, ingiza mkono mpaka chini, ulitazame na kulinusa. Ukikuta mabonge, lisimfikie ng'ombe.

Mungu awabariki, na Mama Maria awaombee ninyi na watoto wenu.